Majina 26, kisha kimya: kisa cha shangazi na darasa lake

Shangazi yangu alinipa kalamu akaniambia niandike. Wenzake wa darasa la mwisho la shule ya msingi walitaka kukutana baada ya miaka 44, na kwa kuwa zamani zile yeye ndiye aliyekuwa kiranja, wakamtwisha kazi ya kutengeneza orodha ya majina. Hakuwa na picha ya darasa wala rejesta, na hakuna aliyemwambia walikuwa wangapi. Alikuwa na kichwa chake tu. Kwa ruhusa yake niliwasha kinasa sauti cha simu, maana najua anavyozungumza na najua mwandiko wangu. Siku chache baadaye nikaisikiliza ile rekodi, nikajikuta siyajali sana majina. Kilichonishika ni ule ukimya ulioingia katikati yake, hasa ule wa mwisho kabisa, kabla hajasema, "Basi mwanangu, ndio hao."

Alijuaje kwamba ndio hao?

Swali linaonekana jepesi mpaka ujaribu kulijibu. Anayetafuta ufunguo ndani ya droo huona sakafu ya droo, akajua amefika mwisho. Kumbukumbu haina sakafu inayoonekana. Hakuna kengele inayolia jina la mwisho likishatoka. Hata hivyo kila siku tunatafuta vichwani mwetu, tunafika mahali, tunaacha, na mara nyingi tunaacha kwa uhakika wa ajabu. Kisa hiki ni kimoja, cha mtu mmoja, kwa hiyo hakithibitishi kitu peke yake. Ila kilikuwa na bahati moja ambayo visa vya namna hii hukosa: mwishoni orodha ya kweli ilipatikana.

Kikao cha kwanza

Jina la kwanza nililoandika lilikuwa lake mwenyewe, alisisitiza. Dakika ya kwanza ilitoa majina 11. Ilipotimia dakika ya tatu yalikuwa 18, ya tano yakawa 22. Kutoka hapo mpaka dakika ya 9 na sekunde 40 yalikuja manne tu, moja moja, kila moja likivutwa kama ndoo kutoka kisima kirefu. Jumla 26.

Mteremko huo unajulikana siku nyingi. Wanasaikolojia Bousfield na Sedgewick waliuchora mwaka 1944 kwa kuwataka watu wataje vitu vya kundi fulani, vyote wanavyoweza, huku saa ikihesabu. Mwanzo ni mafuriko, kisha mto, kisha matone, na nafasi kati ya tone na tone inazidi kurefuka. Waliona pia kwamba maneno hayaji kwa mfuatano sawa, yanakuja kwa mafungu. Kwa shangazi mafungu yalisikika wazi. Kwanza waliokaa naye karibu, kisha waliorudi nyumbani kwa njia moja naye, kisha wakimbiaji wa timu ya riadha, kisha kundi la watundu walioadhibiwa pamoja siku moja ambayo hadithi yake ilikula dakika nzima ya rekodi, na mwisho wanakwaya. Ndani ya fungu, sekunde mbili tatu kati ya jina na jina. Kati ya fungu na fungu, sekunde 15 au 20, na katika pengo hilo ungemsikia akijiuliza kwa sauti ndogo, "Na wengine... na wengine..."

Baada ya jina la 26 ukafuata ukimya wa nusu dakika hivi. Kisha akataja jina. Nikamwambia, "Hilo tunalo, Shangazi." Kimya tena. Akataja lingine, na kabla sijaliandika akalikataa mwenyewe: "Hapana, huyo alikuwa darasa la chini yetu." Kimya. Akataja la tatu, nalo tunalo. Ilipofika dakika ya 12 na sekunde 5 akashusha pumzi, akasema maneno yale.

Kwa hiyo kati ya jina la mwisho alilolipata na uamuzi wa kuacha zilipita dakika 2 na sekunde 25. Watafiti wa kumbukumbu wanalipima pengo hili la mwisho kwa makini, kwa sababu ndani yake ndimo uamuzi unamopikwa.

Alikuwa anahesabu nini?

Tuanze na makisio ya haraka. Huenda alikuwa na kikomo cha muda kichwani, kwamba dakika kumi na mbili zinatosha. Lakini hakuwa na saa mbele yake, na hakuna aliyekuwa akimharakisha. Huenda basi alikuwa akipima muda tangu mafanikio ya mwisho: nikikaa kimya kwa kiasi fulani bila kupata, naacha. Hili linaaminika zaidi, na ukimuuliza mtu yeyote barabarani ndilo atakalokwambia.

Mwaka 2007 Dougherty na Harbison walifanya jambo ambalo, ukilifikiria, lilipaswa kufanywa zamani. Katika majaribio mengi ya kumbukumbu ni mtafiti anayesema muda umekwisha. Wao waliwaachia washiriki waseme wenyewe kwamba wamemaliza. Yakaonekana mambo mawili kwa pamoja. Aliyekumbuka maneno mengi alitafuta kwa muda mrefu zaidi kwa jumla, ila pengo lake la mwisho lilikuwa fupi zaidi.

Hapo makisio yote mawili yanakwama. Kama watu wangekuwa na kikomo cha muda, muda wa jumla usingerefuka kwa kuongezeka kwa majina. Kama wangepima tu muda tangu jina la mwisho, pengo la mwisho lingekuwa lile lile kwa aliyekumbuka matatu na aliyekumbuka kumi. Mwaka 2009 Harbison na wenzake waliweka kanuni nne za kuacha ndani ya modeli ya kompyuta wakazishindanisha na tabia halisi ya watu. Iliyoweza kueleza mambo yote mawili ni ile inayohesabu jumla ya majaribio yaliyoshindwa tangu mwanzo wa utafutaji.

Wazo hilo lilikuwa limekaa ndani ya modeli ya Raaijmakers na Shiffrin ya mwaka 1981. Kila unapopekua kumbukumbu, unatupa ndoano. Wakati mwingine inarudi na samaki mpya. Wakati mwingine inarudi tupu, au na samaki uliyekwisha mvua. Mbili hizi za mwisho ni kushindwa, na kila kushindwa kunaandikwa pembeni. Hesabu ikifika kiwango ulichojiwekea, unakunja ndoano. Sasa angalia: aliyekumbuka majina mengi amekuwa akivua katika bwawa ambalo samaki wake wengi amekwisha watoa, kwa hiyo njiani amerudia majina yale yale kimoyomoyo mara nyingi. Anapopata la mwisho, hesabu yake ya kushindwa tayari iko karibu na ukingo. Ametafuta muda mrefu, anaaga upesi.

Nikirudi kwenye rekodi, mambo matatu yaliyosikika katika zile dakika mbili na ushei yote ni ya upande wa kushindwa: marudio, jina la darasa lingine, marudio. Na hayo ni yale tu yaliyofika mdomoni. Miller, Kahana na Weidemann, wakikusanya data za majaribio 14 mwaka 2012, walionyesha kwamba mtu ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuacha mara tu baada ya kutoa neno la kosa au la marudio kuliko baada ya kutoa neno sahihi. Nami kwa ujinga wa kusaidia nilikuwa nikiyatangaza yale makosa kwa sauti. "Hilo tunalo, Shangazi." Naamini kila niliposema hivyo nilimsogeza hatua moja kuelekea mlangoni.

Lakini modeli hii ina jambo ambalo kisa kinanifanya nilitilie shaka, au tuseme nilione halijatosha. Inahesabu kushindwa kana kwamba kila kushindwa kuna uzito sawa. Ukisikiliza mafungu yale matano, utaona kwamba zile dakika mbili za mwisho zote alizitumia palepale kwenye fungu la mwisho, la kwaya, akizungukazunguka. Hakuanzisha fungu jipya hata moja. Aliporipoti kwamba amekwisha, alikuwa ameikausha kwaya.

Kuhama kichaka, kuondoka msituni

Hapa kuna maamuzi mawili ambayo lugha ya kila siku inayachanganya. Moja ni kuacha fungu na kwenda jingine. La pili ni kuacha kabisa.

Kuhusu lile la kwanza kuna hoja iliyotoka kwenye elimu ya wanyama. Mwaka 1976 Charnov alionyesha kihesabu kwamba mnyama anayekula katika kichaka kimoja anafaa kuhama pale ambapo kipato chake cha hapo kinashuka mpaka wastani wa kipato cha msitu mzima, safari ya kutoka kichaka hadi kichaka ikiwemo. Kusubiri kichaka kiishe kabisa ni hasara. Mwaka 2012 Hills, Jones na Todd waliwataka watu wataje wanyama wote wanaowakumbuka, wakakuta kwamba kuhama kutoka fungu hadi fungu kunafuata hesabu hiyo kwa karibu. Miaka mitatu baadaye Abbott, Austerweil na Griffiths wakajibu kwamba mtu anayetangatanga bila mpango wowote juu ya mtandao wa maneno yanayohusiana angetoa picha hiyo hiyo, kwa hiyo huenda hakuna anayeamua kuhama. Ubishi huo sitaumaliza mimi. Ila ile sauti ndogo, "Na wengine... na wengine...", kwangu haikuwa sauti ya mtu anayetangatanga.

Kwa mnyama, kuondoka msituni ni rahisi kueleza: jua limezama, au ameshiba. Kwa mtafutaji wa kumbukumbu shibe ni nini? Shangazi hakujua idadi. Angeweza kushiba kwa majina 20 au kuona njaa kwa 60. Nadhani alichokifanya ni kuchukua hisia ya kichaka cha mwisho akaitangaza kuwa hali ya msitu wote. Simlaumu. Huo ndio ushahidi pekee aliokuwa nao.

Msaada wangu mbaya

Jioni ile ile nilimsomea majina yote 26, taratibu, nikiamini yatavuta mengine. Hayakuvuta hata moja. Alikasirika kidogo: "Unanijazia kichwa na hao hao." Alikuwa sahihi kuliko mimi. Tangu mwaka 1968, katika kazi ya Slamecka, inajulikana kwamba kumpa mtu sehemu ya orodha ili akumbuke iliyobaki hakumsaidii, na mara nyingi humpunguzia. Majina uliyomtajia yanakuwa na nguvu mpya, yanatangulia kila anapotupa ndoano. Kwa lugha ya hesabu yetu, nilikuwa nimejaza bwawa kwa samaki waliokwisha vuliwa.

Siku mbili tatu zilizofuata majina matatu yalimjia bila kuitwa, moja akiwa anapanda ngazi. Alinipigia simu kila mara kwa furaha ya mtu aliyeokota sarafu. Ballard aliliona jambo hili kwa watoto wa shule za London na kulichapisha mwaka 1913: watoto waliojifunza shairi nusunusu walikumbuka mistari mingine siku mbili baadaye ambayo siku ya kwanza hawakuikumbuka, ingawa hakuna aliyewafundisha tena. Roediger na Thorpe, mwaka 1978, waliongeza maelezo yanayofaa sana hapa, kwamba sehemu kubwa ya faida ya kurudia mtihani ni muda wa jumla wa kutafuta. Ukimpa mtu mtihani mmoja mrefu, anafika karibu na pale anapofika kwa mitihani mitatu mifupi. Yaani kuna mengi mbele ya pale tunapoachia, tukilipa muda.

Basi tukawa na 29.

"Tulikuwa 41"

Wiki iliyofuata mwenzake mmoja alimpigia. Alikuwa na uhakika wa idadi na aliieleza kwa madawati: "Madawati 20, wawili wawili, na mmoja pembeni. 41." Shangazi akakata simu akanitazama. "Mwanangu, kumbe bado 12."

Uso wake ulibadilika kwa namna ambayo rekodi haiwezi kuonyesha. Wiki nzima alikuwa mtu aliyemaliza. Kwa tarakimu moja akawa mtu aliyefika njia ya kati. Hakuna kilichoongezwa kwenye kumbukumbu yake, hakuna jina jipya, hakuna sura. Kilichobadilika ni makadirio yake ya kilichobaki, na kwa hiyo thamani ya kushindwa mara moja zaidi. Ukijua kuna 12 bado, ndoano tupu haikwambii bwawa limekauka. Inakwambia umesimama mahali pabaya.

Na kweli alihama. Aliachana kabisa na makundi ya urafiki, akaamua kulitembea darasa. Alianza mlangoni. Safu ya dirishani, dawati la kwanza, nani na nani? La pili? Aliinua mkono kuonyesha ubao uko wapi. Alikumbuka dawati lililokuwa na mguu mfupi na karatasi iliyokunjwa chini yake, na aliyekaa hapo akaja pamoja na karatasi. Fisher na Geiselman, waliotengeneza nchini Marekani miaka ya 1980 njia ya kuwahoji mashahidi, wanawashauri wahoji kumrudisha shahidi katika mazingira ya tukio, na kumtaka asimulie kwa mpangilio mwingine au kutoka mahali pengine pa kutazamia. Shangazi hakuwahi kusikia habari zao. Alihitaji tu sababu ya kutoridhika.

Kuna utafiti unaofanana na kisa hiki mpaka unashtua. Mwaka 1981 Williams na Hollan walichapisha kazi waliyoifanya na watu wachache waliokaa kwa saa nyingi, vikao baada ya vikao, wakifikiri kwa sauti huku wakijaribu kukumbuka majina ya waliosoma nao. Walieleza mzunguko wa hatua tatu: kutafuta mazingira ya kupekua, kupekua ndani yake, kuhakiki kilichopatikana. Na majina yaliendelea kuja muda mrefu kupita pale ambapo mtu wa kawaida angeapa kwamba hana tena. Pamoja nayo yakaja pia majina ya uongo, yasiyokusudiwa. Hili la pili nililisahau siku ile, na lilinigharimu.

Ndani ya dakika 22 za kutembea madawati, Shangazi alipata majina sita. Yakawa 35.

Hapo akakwama kwenye dawati moja la safu ya kati. Alimwona aliyekaa pale. Alimjua kwa jina la utani, alijua alivyocheka, alijua jina lake halisi linaanza na herufi gani na kwamba ni refu. Jina lenyewe, hapana. Brown na McNeill waliichunguza hali hii maabara mwaka 1966 wakakuta mtu ambaye neno liko kwenye ncha ya ulimi wake kweli hujua vipande vyake, herufi ya mwanzo na idadi ya silabi, mara nyingi kuliko bahati nasibu. Kwa uamuzi wa kuacha, hii ndiyo hali mbaya kuliko zote, kwa sababu kila kipande kinachopatikana kinahesabiwa kama nusu ya ushindi. Kushindwa hakuandikwi. Mtu anaweza kukaa hapo hata usiku kucha.

Nilimkatiza baada ya dakika mbili hivi. Nina sababu. Warriner na Humphreys, mwaka 2008, waliwaacha watu katika hali hiyo kwa sekunde 10 au 30 kabla ya kuwapa neno, kisha siku mbili baadaye wakawauliza tena. Waliohangaika kwa sekunde 30 ndio waliokwama zaidi kwenye maneno yale yale. Wanalieleza kuwa ni kujifunza: kadiri unavyokaa katika kushindwa, ndivyo unavyozoeza njia ya kushindwa. Shangazi hakupenda. Alisema jina liko hapa, akigusa midomo. Nikamwambia ndiyo maana.

Linganisha na hili. Katikati ya kikao nilimuuliza kama darasani mlikuwa na mapacha. Alijibu kabla sijamaliza sentensi: "Hapakuwa." Hakupekua kitu. Kolers na Palef waliandika mwaka 1976 kuhusu kasi hii ya kujua kwamba hujui, na Glucksberg na McCloskey mwaka 1981 walionyesha kwamba "sijui" huwa ya haraka pale ambapo hakuna chochote kinachohusika kinachojitokeza. Ukimfundisha mtu waziwazi kwamba jambo fulani halijulikani, "sijui" yake inachelewa, maana sasa kuna kitu cha kukuta na kukisoma. Hivyo basi kuna kuacha kunakofanyika kabla ya kuanza, na kuna kuacha kwa dakika 2 na sekunde 25, na kuna kutoacha kwa jina la ncha ya ulimi. Tunaita vyote "kushindwa kukumbuka" kana kwamba ni kitu kimoja.

Dawati la 20

Aliporudi kwenye matembezi yake, madawati yalikuwa yamebaki machache ya nyuma. Dakika ya 29 alitaja jina kwa kusitasita. Dakika ya 33 lingine. Wote wawili aliwaweka dawati la 20, kona ya nyuma. Nilisikia tofauti katika sauti, naisikia hata sasa kwenye rekodi: majina mengine alikuwa akiyasema, haya mawili alikuwa akiyauliza. Lakini niliyaandika. 37. Dakika ya 35 akasema imetosha, wamebaki wanne, wengine watawakumbuka.

Angalia safari hii uamuzi ulivyokuwa wa namna nyingine. Alijua kiasi cha kilichobaki, akakipima dhidi ya uchovu, akawaachia wengine deni. Mara ya kwanza alisema "ndio hao." Mara ya pili alisema "wamebaki wanne." Ya pili ni kauli ya mtu mwenye ramani.

Rejesta ilipatikana siku kumi baadaye. Mmoja wao alikuwa na ukurasa uliopigwa picha zamani, umefifia lakini unasomeka. Nilihesabu mara tatu. Walikuwa 39.

Idadi iliyotajwa kwenye simu ilikuwa na kosa. Madawati yenye watu yalikuwa 19. La 20 lilikuwepo, Shangazi alithibitisha baada ya kuona, lakini lilikuwa bovu na hakuna aliyelikalia mwaka ule. Ile tarakimu iliyomfanya apate majina sita ya kweli ndiyo hiyo hiyo iliyomlazimisha kuwatafutia watu wawili pa kukaa. Mmoja wao alikuwa wa darasa la mwaka uliotangulia. Wa pili, ndilo jina alilolikataa mwenyewe siku ya kwanza: "Huyo alikuwa darasa la chini yetu." Wiki moja na shinikizo la tarakimu vikalirudisha kwa mlango wa nyuma, na sasa likapita. Hesabu ya kushindwa ilikuwa imelegezwa, na uhakiki ukalegezwa nao. Sijaona modeli ya kuacha inayoshughulikia hili ipasavyo, ingawa mhoji yeyote wa mashahidi analijua: ukimwambia mtu kuna zaidi, atakupa zaidi.

Kwa hiyo hesabu kamili ni hii. Kikao cha kwanza, 26 kati ya 39, bila kosa hata moja. Mwishoni, 35 kati ya 39, na makosa mawili, yote yakiwa ya mwisho kabisa. Kama orodha ni ya kualika watu, kumwacha mtu nje kunaumiza kuliko kumwalika wa darasa jingine, na Shangazi alifanya vyema kuendelea. Kama ingekuwa orodha ya watu waliokuwepo chumbani siku ya tukio fulani, ningetamani angeacha dakika ya 22.

Waliokosekana walikuwa wanne, kama alivyosema, japo kwa hesabu mbovu. Nilimsomea mmoja mmoja. La kwanza lilikuwa lile la ncha ya ulimi. Akapiga kelele, akalirudia mara tano. La pili na la tatu walikuwa wa safu ya nyuma, akasema "Ah, kweli!" akaniambia mara moja walikaa na nani.

La nne nililisoma mara mbili. Alinyamaza. Nilidhani hamkumbuki. Kisha akaniambia huyo alihamia shuleni kwao katikati ya mwaka, madawati yakawa yamejaa, akawekewa kiti kwenye kona ya meza ya mwalimu, akakaa hapo mpaka mtihani wa mwisho. Hakuwa na dawati. Hakuwa wa kwaya wala wa riadha, na nyumbani kwao kulikuwa upande mwingine.

"Mmoja pembeni," nikasema.

"Alinitajia kwenye simu," akasema Shangazi. "Nikahesabu madawati."